Milimita ya Mwisho: Jinsi Vumbi Linavyotua Kutoka Hewa Yenye Msukosuko

Hotuba kwa mafundi wa sola na viyoyozi, maafisa wa afya ya umma na wasimamizi wa majengo, Nairobi

Mabibi na mabwana, ndugu mafundi, maafisa wa afya, nanyi mnaotunza majengo ya jiji hili, hamjambo.

Chukueni kitambaa cheupe mwingie ofisi yoyote kando ya Barabara ya Mombasa au ndani ya Industrial Area. Pangusa juu ya meza, kisha ukuta, kisha upande wa chini wa meza. Kitambaa kitachafuka mara zote tatu, ila uchafu hautakuwa mmoja. Juu ya meza utapata vumbi la kijivu au jekundu ambalo kidole kinalihisi kama mchanga. Ukutani na chini ya meza utapata uchafu mweusi, laini, ulioshika kama rangi. Tumezoea kusema vumbi "linaanguka". Kama lingekuwa linaanguka tu, upande wa chini wa meza ungebaki safi miaka yote.

Nawaomba tushike jambo moja leo. Msukosuko wa hewa hulifikisha vumbi jirani na kila uso, lakini si wenyewe unaolitua. Kutua kunaamuliwa katika ile sehemu ya milimita iliyo mwisho kabisa karibu na uso, na sheria za hapo hutofautiana kwa kila ukubwa wa chembe. Fundi asiyejua ukubwa wa chembe anazopambana nazo atasafisha mahali pasipo na haja, atanunua chujio lisilomfaa, na akipima atapima kitu kingine.

Kipimo chetu ni mikromita, ambayo wengi wenu huiita mikroni, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa takriban mikromita 70. Vumbi la barabara za murram na la machimbo ya mawe kule Njiru lina chembe za kuanzia mikromita 2 au 3 hadi 100. Masizi ya dizeli, ya jiko la makaa na ya takataka zinazochomwa ni madogo mno: mengi yako kati ya mikromita 0.05 na 0.3. Chembe ya vumbi la barabara na chembe ya masizi zinaweza kuwa ndani ya pumzi moja ya hewa, na bado zikafuata njia zisizofanana hata kidogo kufika ukutani.

Tutazame kwanza hewa yenyewe. Ndani ya dakti, yaani njia ya bati ya kupitishia hewa ya jengo, ambamo hewa inakwenda mita 6 kwa sekunde, mkondo hauendi kwa mistari iliyonyooka. Umejaa visulisuli vya kila ukubwa vinavyochanganya hewa ya katikati na ya pembeni bila kukoma. Ndiyo maana katikati ya dakti vumbi husambaa sawasawa, upime hapa au pale. Lakini ukikaribia bati, visulisuli hubanwa kwa sababu hewa haiwezi kulipenya. Mnato wa hewa, yaani ule uzito wake wa kutiririka, unashika usukani, na pale penye bati lenyewe kasi ya hewa ni sufuri. Pana basi utando wa hewa tulivu uliolala juu ya uso wote.

Unene wa utando huo unakadirika. Chukua mnato wa hewa uliogawanywa kwa densiti yake (masi ya kila mita ya ujazo), ambao kwa Nairobi ni takriban mita za mraba 0.000018 kwa sekunde. Zidisha kwa 5, kisha gawanya kwa kasi ya msuguano, kipimo cha jinsi hewa inavyousugua uso. Kasi ya msuguano katika dakti laini ni kama asilimia 5 ya kasi ya hewa, kwa hiyo kwa mfano wetu ni mita 0.3 kwa sekunde. Jibu ni milimita 0.3. Wanaotumia majedwali yaliyopigiwa hesabu usawa wa bahari wakumbuke kwamba sisi tuko takriban mita 1,700 juu. Hewa yetu ni nyepesi zaidi, na utando huu ni mnene kwa karibu humusi moja kuliko ule wa usawa wa bahari kwenye joto lilelile. Kasi ya chembe kubwa kuanguka, kwa upande mwingine, haibadiliki kwa kiasi cha kuhesabika, maana inategemea mnato wenyewe, na mnato hauathiriwi na mwinuko.

Sasa swali ni moja: chembe inavukaje milimita 0.3 hizo?

Chembe ndogo sana huvuka kwa kutangatanga. Molekuli za hewa huigonga huku na huku, mwendo ambao Robert Brown aliuona chini ya hadubini mwaka 1827 na Albert Einstein akaupigia hesabu mwaka 1905. Chembe ya mikromita 0.01 hutangatanga kiasi cha milimita 0.3 kwa sekunde moja, kwa hiyo utando si kizuizi kwake. Ya mikromita 0.1 hutangatanga mikromita 37 hivi kwa sekunde. Ya mikromita 1 hutangatanga 7 tu.

Chembe kubwa hazitangatangi. Zenyewe huvuka kwa inesha, ile tabia ya kitu kuendelea na mwendo wake hata kilichokisukuma kikiacha. Kisulisuli huirusha chembe kuelekea ukutani, hewa inageuka, chembe inashindwa kugeuka. Ikiwa na densiti ya maji na imerushwa kwa kasi iliyo karibu na kasi ya msuguano ya mfano wetu, ile ya mikromita 20 husafiri kama milimita 0.3 kabla ya mnato kuisimamisha, yaani utando wote kwa mruko mmoja. Ya mikromita 10 hufika chini ya milimita 0.1. Na ya mikromita 1? Husimama baada ya kwenda mikromita moja, urefu wa mwili wake tu.

Mmeona pengo liko wapi. Chembe za kati ya mikromita 0.1 na 1 ni nzito mno kutangatanga na nyepesi mno kurushwa. Hazina njia nzuri ya kufika ukutani. Katika dakti yetu, chembe ya mikromita 0.3 huelekea bati lililo wima kwa kasi ya wastani ya sehemu chache za elfu za milimita kwa sekunde. Hiyo ndiyo sababu masizi hupita mita nyingi za dakti na kutokea upande wa pili yakiwa karibu yote. Hiyo pia ndiyo sababu chujio la HEPA, lile la kunasa chembe ndogo sana, hupimwa kwa chembe za karibu mikromita 0.3, na kiwango cha Marekani kikidai linase asilimia 99.97: nyuzi za chujio nazo hunasa kwa kutangatanga na kwa inesha, na ukubwa huo hukwepa vyote viwili. Anayekuuzia chujio akajisifu kwamba linanasa "vumbi lote la mikromita 5 kwenda juu" amekuambia habari ya chembe zilizo rahisi.

Wazo la mruko wa mwisho lilipigiwa hesabu na watafiti Friedlander na Johnstone mwaka 1957. Mwaka 1974 wenzao Liu na Agarwal wakalipima kwa uangalifu mkubwa, wakipitisha matone ya mafuta ya zeituni yenye ukubwa uliodhibitiwa ndani ya bomba wima la kioo. Bomba wima lina maana yake: uvutano wa dunia hausukumi chembe ukutani, kwa hiyo kinachotua kimeletwa na msukosuko. Matokeo yao yanapaswa kubandikwa katika kila karakana ya dakti. Kwa chembe kubwa kuliko zile za pengo, ila si kubwa kabisa, kasi ya kutua hupanda kwa takriban kipeo cha nne cha kipenyo. Kipenyo kikiongezeka maradufu, kutua huongezeka mara 16. Na ukiongeza kasi ya hewa maradufu, kutua huongezeka zaidi ya mara 20. Mteja akikuambia uongeze nguvu ya feni "ili vumbi lisukumwe nje lisikae", mwonyeshe hesabu hii. Kwa chembe za mikromita 5 hadi 15, kasi zaidi hulibandika vumbi kwenye bati zima, dari na kuta, si sakafu ya dakti peke yake.

Ukali wa uso, yaani kutokuwa laini kwake, nao ni jambo ambalo naona linapuuzwa sana. Utando wa milimita 0.3 ni mwembamba kuliko ncha ya skrubu iliyotokeza ndani, mwembamba kuliko mshono wa bati, mwembamba kuliko nyuzi za pamba ya kuzuia joto inayobandikwa ndani ya dakti. Chochote kinachotokeza kupita utando huo kinangoja chembe kule ambako hewa bado ina kasi. Dakti yenye pamba ndani hunasa vumbi mara kumi na zaidi kuliko bati tupu. Na vumbi lenyewe likishatua ni ukali mpya, kwa hiyo dakti chafu huchafuka haraka kuliko safi. Ikilazimu kuzuia joto, funika dakti kwa nje. Kata skrubu ziwe fupi, ziba mishono, na weka mlango wa kukagulia mara tu baada ya kila kona, hasa upande wa nje wa kona, kwa sababu hapo chembe zilizoshindwa kugeuka ndipo zinapogonga.

Feni ya dari inafundisha jambo hilohilo. Feni yenye kipenyo cha mita 1.4 ikizunguka mara 200 kwa dakika, ncha ya panga lake inakwenda karibu mita 15 kwa sekunde. Uchafu mwingi hukaa kwenye ukingo unaotangulia kukata hewa, ijapokuwa hapo ndipo upepo ulipo mkali zaidi. Kwenye ukingo huo utando ndio kwanza unaanza, ni mwembamba mno, na hewa inagawanyika ghafla juu na chini. Chembe nzito haziwahi kugawanyika nayo.

Tuingie ndani ya chumba. Chembe ya mikromita 10 yenye densiti ya maji huanguka milimita 3 kwa sekunde. Kama hewa ingekuwa imetulia kabisa, chumba chenye kimo cha mita 2.5 kingekuwa kimeshaondokewa na chembe hizo zote baada ya dakika 14. Lakini watu wanatembea, dirisha limefunguliwa, feni inazunguka. Hewa ikichanganywa, kila chembe hupandishwa tena na tena, na zinazotua ni zile tu zilizofika kwenye utando wa sakafu. Kwa hiyo baada ya dakika 14 bado asilimia 37 zimo hewani. Baada ya dakika 28 zimebaki 14 kwa mia, na baada ya dakika 42 zimebaki 5. Msukosuko haukulizuia vumbi lisitue, umelipa mkia mrefu. Vumbi la mawe lina densiti ya karibu mara 2.6 ya maji, kwa hiyo kwalo muda huo unapungua kwa kiasi hichohicho.

Walimu wakuu na wasimamizi wa usafi, hapo pana kazi yenu. Darasa likifagiliwa kavu halafu madawati yakapanguswa papo hapo, vumbi lililopaa litatua juu ya madawati yaliyokwisha kupanguswa. Nyunyiza maji kabla ya kufagia au, bora zaidi, piga deki. Ikibidi kufagia kavu, subiri nusu saa ndipo upanguse, kwa kitambaa chenye unyevu.

Masizi ni habari nyingine. Chembe ya mikromita 0.3 ikitegemea uvutano peke yake ingehitaji karibu wiki nzima kushuka mita 2.5. Hakuna kusubiri kutakakoiondoa jikoni. Inatoka kwa dirisha au kwa chujio. Ukifungua madirisha mawili yanayotazamana, hewa ya chumba ikabadilika mara nne kwa saa, kila robo saa utapunguza masizi hadi asilimia 37 ya yaliyokuwepo, mradi moto umezimwa na nje ni safi kuliko ndani.

Ila kuna kani moja inayolazimisha masizi yatue, nayo ni tofauti ya joto. John Tyndall aliona mwaka 1870 kwamba hewa yenye vumbi huacha nafasi safi kuzunguka kitu cha moto. Molekuli za upande wenye joto huigonga chembe kwa nguvu zaidi kuliko za upande wa baridi, nayo husukumwa kuelekea kwenye baridi. Tuseme ukuta una baridi ya nyuzi 5 chini ya hewa, na tofauti hiyo imo ndani ya milimita 5. Chembe ya masizi itasukumwa ukutani kwa takriban milimita 0.03 kwa sekunde. Kasi hiyo ni kama mara kumi ya ile ya msukosuko niliyoitaja, tena inaelekea upande mmoja bila kusita.

Fikirieni nyumba ya mabati Mukuru usiku wa mwezi wa Julai. Bati limepoa kwa kuikabili anga, na ndani jiko linawaka. Kila kitu kimepangwa ili masizi yaende kwenye bati. Katika nyumba za dari ya jipsamu jambo hilohilo huchora picha: vitone vyeusi vilivyopangwa kwa mstari, na mistari ya kijivu juu yake. Kila kitone ni kichwa cha skrubu, kila mstari ni chuma kinachoshikilia ubao. Chuma hupitisha baridi ya kwenye paa kuliko jipsamu, na mahali penye baridi pana unyevu pia, kwa hiyo masizi yakifika hayabanduki. Wapangaji husema dari inavuja. Ukipaka rangi upya bila kutandika kizuia joto juu ya dari, na bila kupunguza moshi, mishumaa na ubani mle ndani, vitone vitarudi palepale. Hiyo si kasoro ya rangi wala ya fundi wa rangi.

Wenzetu wa sola wana mchanganyiko wa yote. Mchana vumbi la barabara hutua kwa uzito wake na kwa kurushwa na upepo. Usiku kioo hupoa kuliko hewa, umande hushika, na asubuhi ukikauka huacha chumvi na udongo vimegandishana kama saruji nyepesi. Watu huamini upepo utapeperusha. Kani inayoishikilia chembe kwenye kioo hupungua sambamba na kipenyo, lakini nguvu ya upepo kuing'oa hupungua kwa mraba wa kipenyo au zaidi, na chembe ndogo imejificha ndani kabisa ya utando. Chembe ya mikromita 1 hushikwa kwa kani inayozidi uzito wake mara milioni na zaidi. Upepo wa jiji hili unaondoa chembe kubwa tu, na kuacha zile ndogo ambazo, kwa uzito uleule, hufunika kioo zaidi.

Kwa kuwa tuko digrii 1.3 tu kusini mwa ikweta, hesabu ya jua peke yake ingeacha paneli karibu ilale. Msiilaze. Ipeni angalau digrii 10, ili mvua ya Machi hadi Mei na ya Oktoba hadi Desemba iteremke ikiosha. Manyunyu madogo ya Juni na Julai hayaoshi. Hukusanya vumbi na kulirundika kwenye fremu ya chini, na utepe huo wa matope unaweza kufunika safu nzima ya seli za mwisho. Osheni asubuhi kabla kioo hakijapata moto, kwa brashi laini na maji mengi. Maji ya kisima kirefu hapa kwetu mara nyingi yana madini, yakikauka juu ya kioo huacha utando mweupe. Yakaushwe kwa mpira wa kufutia, yasiachwe yajikaukie.

Namalizia kwa upimaji, maana hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Anayetaka kujua vumbi linalotua mahali fulani atumie vipande vya kioo vilivyopakwa vaselini kidogo sana. Kioo kikavu hakifai, chembe kubwa hugonga na kuruka. Weka kimoja kikitazama juu, kimoja kimesimama wima, na kimoja kikitazama chini, kwa kuwa tofauti kati ya vitatu hivyo ndiyo itakayokuambia kama kinacholeta vumbi ni uzito, ni mruko au ni kutangatanga na joto. Viwe angalau mita moja kutoka ukingo wa paa, ambako upepo hujikunja na kudanganya kipimo, na viwe juu ya kimo cha vumbi linaloruka kutoka sakafuni. Vipime kwa mizani inayosoma sehemu ya kumi ya miligramu, kabla na baada. Kila mara beba kioo cha ziada kilichopakwa vaselini, kikasafiri na vingine lakini kikabaki kimefunikwa; badiliko la uzito wake litolewe kwenye hesabu, kwa kuwa vaselini hupoteza uzito kidogo kwenye joto. Siku ya mvua iandikwe, na wadudu waliokwama waondolewe kwa kibano kabla ya kupima.

Tuseme umepata miligramu 60 kwa mita ya mraba kwa siku, na vumbi lote la hewani ni miligramu 0.1 kwa mita ya ujazo. Gawanya 60 kwa sekunde 86,400 za siku, kisha kwa 0.1. Utapata kasi ya kutua ya mita 0.007 kwa sekunde, yaani milimita 7. Hiyo inakaribia kasi ya kuanguka ya chembe ya mawe ya mikromita 10, kwa hiyo ulichokamata ni barabara au machimbo, si dizeli. Kosa ninaloliona zaidi ni mtu kugawanya kwa namba ya PM2.5, yaani ya chembe za mikromita 2.5 kwenda chini tu, iliyosomwa kwenye kifaa kidogo cha ukutani. Chembe zilizolemea mizani yake hazikuhesabiwa na kifaa hicho, na kilichohesabiwa na kifaa hakikutua kwenye kioo. Kabla ya kugawanya, hakikisheni kifaa kinachopima hewa na kioo kinachonasa vumbi vinazungumzia chembe za ukubwa mmoja.